Buloni iliyokwama: kwa nini gari la msaada hulala njiani



Katika mikutano ya kamati za kambi na za vijiji hapa jimboni Tanganyika tunaulizwa swali moja mara kwa mara: inawezekanaje gari zima, lenye dereva na fundi, lilale njiani siku mbili kwa sababu ya buloni moja? Wengine huuliza wakicheka, wengine huuliza wakiwa wamekasirika. Msimu wa mvua uliopita gari letu moja lilikuwa linapeleka mbegu na majembe upande wa Nyunzu, likavunjika bamba la resori. Mzigo ulifika siku ya tatu. Katika siku hizo za kungoja, kambi moja iliambiwa kwamba mzigo umeshushwa katika kijiji cha jamii nyingine. Kijiji hicho nacho kiliambiwa kwamba vijana wa kambi wanakuja kuuchukua kwa nguvu. Jioni ya siku ya kwanza vijana wa pande zote mbili walikuwa wamekusanyika karibu na daraja.

Jambo la kuangalia ni kwamba habari ya kwanza haikuwa uongo mtupu. Mzigo ulikuwa umeshushwa kweli, ukawekwa chini ya mwembe kando ya barabara, na mwembe huo uko katika ardhi ya kijiji hicho. Haukugawiwa kwa mtu yeyote. Ulishushwa kwa sababu buloni iliyokwama haitoki gari likiwa na uzito. Mwenye kuijua kazi hii anaelewa mara moja. Asiyeijua anaona magunia chini ya mti wa wengine. Katika jimbo ambalo mapigano ya 2016 na 2017 kati ya Watwa na Waluba yalitoa familia nyingi sana makwao, jambo kama hilo si dogo.

Ndiyo sababu tumeamua kueleza kazi yenyewe hapa, tangu mwanzo. Mafundi watakuta mengi wanayoyajua tayari. Viongozi watapata la kuwajibu watu.

Resori na buloni zake

Magari mengi ya mashirika huku kwetu ni Land Cruiser za kazi, zile ndefu za kubeba watu na mizigo. Zilizotengenezwa tangu 1999 zina springi za kuzunguka mbele, lakini nyuma zimebaki na resori za mabamba. Resori hiyo ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kama upinde na kulazwa moja juu ya jingine. Lililo refu kuliko yote, bamba kuu, lina jicho kila mwisho. Jicho la mbele hufungwa kwenye chasi kwa buloni moja nene. Jicho la nyuma hufungwa kwenye vipande viwili vya chuma vinavyobembea, ambavyo mafundi huita jumeli, kwa sababu resori ikibonyea hurefuka kidogo na inahitaji nafasi ya kusogea.

Katikati, resori hubanwa kwenye ekseli kwa bridi mbili zenye umbo la herufi U. Kila bridi ina ekuru mbili, yaani nati mbili. Kuna pia buloni ndogo ya katikati inayoyashika mabamba pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Hiyo ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na gari hutembea kiupandeupande kama kaa. Ukiona gari linakuja hivyo barabarani, mwambie dereva. Huenda yeye hajajua.

Ndani ya kila jicho la resori mna mpira, na ndani ya mpira mna bomba fupi la chuma. Mafundi wetu huuita silentibloki. Waliojifunza kazi ng'ambo ya ziwa, Kigoma, huuita bushi. Buloni hupita ndani ya bomba hilo. Matatizo mengi huanzia hapo.

Inavyokwama

Chuma kikipata maji na hewa huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Mahali pa wazi hupukutika tu. Lakini kati ya buloni na bomba lake nafasi ni nyembamba sana. Kutu ikiota humo haina pa kutokea, nayo hujibana mpaka vyuma viwili vinakuwa kama kimoja. Gari linalovuka vijito kila wiki huingiza maji humo. Kiangazi vumbi jekundu huingia na kukaa. Wenzetu wa Goma, wanaopita juu ya mawe ambayo Nyiragongo iliyamwaga mjini 2002, watasema barabara yao ni mbaya zaidi. Hatutabishana nao.

Sababu nyingine ni mkono wa mtu. Fundi aliyefunga mara ya mwisho hakupaka grisi, au alikaza kwa bomba refu mpaka nyuzi za buloni, ile mistari inayozunguka mwilini mwake, zikavutika.

Buloni iliyokwama ina magonjwa mawili, na kila ugonjwa una dawa yake. Ugonjwa wa kwanza uko kwenye ekuru: imeshikana na nyuzi, haizunguki kabisa. Ugonjwa wa pili ni pale ekuru imetoka vizuri lakini mwili wa buloni haukubali kutoka katika jicho. Huu hutambulikana kwa mkono. Unazungusha kichwa cha buloni, kinakwenda kidogo, halafu kinarudi chenyewe ukilegeza spana. Ule ni mpira unaopindika na kujirudisha, maana buloni na bomba la ndani vimekuwa kitu kimoja. Ukiuona ugonjwa huu wa pili, usiendelee kuzungusha. Utauchana mpira tu, na buloni itabaki pale pale.

Kuondoa uzito

Kabla ya spana kuna kazi ya usalama, na hapa tunaomba viongozi watusaidie. Gari likisimama karibu na kambi, watoto huja. Wanakaa chini ya gari kwa sababu kuna kivuli. Gari liwekwe mahali pa tambarare, magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Likishainuliwa kwa jeki, ambayo wengi hapa wanaiita kriki, chasi lazima ikae juu ya stendi za chuma au magogo manene yaliyopangwa vizuri. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Gari hili lina uzito wa tani mbili na zaidi kabla ya mzigo, na udongo uliolowa huimeza jeki polepole bila sauti. Tunamwomba kila mara mtu mzima mmoja wa hapo hapo asimame na kazi yake iwe moja tu, kuwaweka watoto mbali.

Halafu mzigo unashushwa. Resori yenye mzigo imekunjwa kwa nguvu, na nguvu hiyo yote huegemea upande mmoja wa buloni. Hata buloni safi isiyo na kutu haitoki hivyo. Fundi huinua chasi mpaka ekseli ining'inie, kisha huweka jeki ya pili chini ya ekseli na kuipandisha au kuishusha kidogo kidogo, upana wa kidole tu, huku mwenzake akigonga buloni taratibu. Kuna mahali pamoja kati ya juu na chini ambapo uzito haupo upande wowote. Wakipapata, mlio wa nyundo hubadilika. Tumeona buloni iliyopigwa saa nzima ikitoka kwa mkono baada ya jeki kushushwa kidogo tu. Iliyokuwa imeishika ilikuwa uzito, wala haikuwa kutu.

Kwa hiyo mkiona magunia chini, ulizeni kwanza kama gari liko juu ya magogo.

Mafuta na nyundo

Ikiwa ni kutu kweli, kazi huanza kwa brosi ya waya. Nyuzi zinazoonekana nje ya ekuru husafishwa mpaka ziwe nyeupe, kwa sababu ekuru itapita juu yake. Ikikuta matope yaliyokauka itakwama mara ya pili katikati ya njia, na hapo ndipo buloni nyingi hukatika.

Kisha mafuta. Mafuta ya kupenya ya kopo ndiyo mazuri, lakini huku si kila duka linayo. Mafundi wengi hutumia mazuti. Mazuti hupenya polepole, ila ni bora kuliko oili nzito ya injini ambayo hukaa juu tu. Wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hupenya vizuri, lakini asetoni hushika moto upesi sana, kwa hiyo usitumiwe karibu na jiko, sigara wala shalumo. Mafuta ya breki yasitumiwe, hula rangi ya gari. Na mafuta yoyote yasifike kwenye breki zenyewe, la sivyo mnatengeneza resori na kuharibu kitu ambacho ni hatari zaidi.

Mafuta hutiwa, buloni hugongwa, hutiwa tena. Kugonga hakukusudii kuisukuma, kunakusudia kuitikisa ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Kwa ekuru, njia nzuri ni nyundo mbili: moja nzito hushikwa imara upande mmoja wa ekuru, nyingine hugonga upande wa pili. Fundi asiipige ncha ya nyuzi ikiwa tupu. Itapanuka kama uyoga na haitapita tena katika tundu lake. Kama ni lazima kupiga pale, ekuru hurudishwa mpaka iwe sawa na ncha, na kipande cha shaba au cha mti mgumu huwekwa katikati.

Baada ya hapo ni kungoja. Saa moja hufaa kidogo, usiku mmoja hufaa sana. Hapa ndipo watu wanapokasirika, kwa sababu wanamwona fundi amekaa. Anayepita anaona mtu anakunywa chai karibu na gari bovu. Kumbe kazi inaendelea ndani ya buloni.

Usiku wa kungoja

Gari linapolala njiani, kwa sisi tunaofanya kazi ya amani, huu ndio usiku mgumu. Habari za uongo huota pale ambapo watu hawana habari za kweli, na usiku mmoja unatosha.

Tangu mambo ya daraja tunafuata utaratibu ambao kamati za pande zote mbili zilisaidia kuutunga. Dereva hupeleka habari kabla jua halijatua, kwa simu kama mtandao upo, kwa pikipiki kama haupo. Habari hiyo hiyo, kwa maneno yale yale, hupelekwa kwa rais wa kamati ya kambi na kwa shefu wa kijiji. Inasema gari liko wapi, nini kimevunjika, mzigo gani umo na ni wa nani, kama mzigo umeshushwa na kwa nini. Haisemi gari litafika saa ngapi. Hakuna fundi anayejua buloni itatoka saa ngapi, na saa iliyoahidiwa ikipita, watu hawataamini neno jingine. Badala yake tunaahidi saa ya habari itakayofuata, na saa hiyo tunaishika hata kama habari yenyewe ni kwamba buloni bado haijatoka.

Kama mzigo umeshushwa, tunaomba watu wawili, mmoja kutoka kila upande, waje wauhesabu na walale nao. Hii haikuwa akili yetu. Usiku ule wa daraja mzee mmoja wa kambi alipanda pikipiki mwenyewe, akakaa chini ya mwembe na mzee wa kijiji, wakahesabu magunia mara mbili kwa tochi ya simu. Asubuhi wote wawili walipiga simu kwao wakataja idadi moja. Vijana walitawanyika bila mkutano wowote.

Liko pia suala la pesa ndogo ndogo. Gari bovu huleta vibarua: kusukuma, kubeba magogo, kulinda usiku, kuchota maji. Mkiajiri watoto wa upande mmoja tu kwa sababu ndio walio karibu, mmeshaanza kugawa. Sisi tunaajiri pande zote kwa malipo sawa. Kama upande mmoja hauwezi kufika, kazi hufanywa na watu wetu wenyewe, japo inachelewa. Wenzetu wengine huona huku ni kujitesa bure. Kwa barabara zetu sisi tunaona ni lazima.

Kuifungua

Asubuhi fundi huchukua spana inayofaa. Ekuru ina pembe sita, na spana bora ni ya pete au ya soketi yenye pembe sita vilevile, inayokaa bila kucheza. Spana ya kurekebisha, ile ya kufungua na kufunga mdomo, huteleza na kuzila pembe. Ekuru ikishakuwa mviringo, ugonjwa umezidi.

Jambo linaloshangaza wanaotazama ni kwamba fundi mzuri huanza kwa kukaza. Hukaza kidogo sana, mpaka asikie mlio mfupi wa kutu kuvunjika, ndipo hufungua. Ikikubali hata robo ya mzunguko, haendelei nayo moja kwa moja. Hurudisha nyuma kidogo, hutia mafuta, husogeza tena. Mbele robo, nyuma nusu ya robo. Vumbi la kutu linalosagika humo lazima litoke, likibaki litajaza nyuzi na kuzishika upya.

Bomba la kurefusha spana linaruhusiwa, lakini livutwe taratibu kuelekea mwilini, mtu akiwa amesimama imara. Usilisukume, na usilirukie kwa miguu. Spana ikiteleza au buloni ikikatika, nguvu yote humrudia aliyesukuma. Tumewahi kuona vijana watatu wenye nia njema wakining'inia kwenye bomba moja. Buloni ilikatika, mmoja akapasuka mdomo. Tena ilikatikia ndani, ikabaki kisiki. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili.

Moto una mipaka yake

Watu wengi wakiona buloni ngumu husema: leteni shalumo. Moto hufanya kazi, na sababu yake ni rahisi. Chuma kikipata joto hutanuka. Ekuru ikipashwa upesi hutanuka kabla ya buloni iliyomo ndani, na kile kifungo cha kutu huachia. Kwa hiyo moto ni dawa ya ugonjwa wa kwanza, na huelekezwa kwenye ekuru peke yake. Wako mafundi wanaogusisha mshumaa kwenye ekuru ikiwa bado moto. Nta huyeyuka, huvutwa ndani ya nyuzi na kulainisha njia. Tumeona inafanya kazi, na mshumaa hupatikana hata kambini.

Kwa ugonjwa wa pili moto haufai. Mpira huwaka, moshi wake ni sumu, nao huendelea kuungua ndani ya jicho baada ya shalumo kuzimwa. Tena bamba la resori lilipata ugumu wake kiwandani kwa joto na kupozwa kwa kipimo. Ukilipasha mpaka liwe jekundu, ugumu huo hupotea mahali hapo. Litafanana na zima, na litavunjika safari nyingine, pengine likiwa na watu ndani. Mipira ya breki na tanki la mazuti navyo haviko mbali na resori ya nyuma. Wanapotumia moto, ndoo ya mchanga iwe karibu, na watazamaji warudi nyuma sana.

Pale inapobidi kukata

Kuna buloni ambazo hazitatoka. Fundi anayejua hilo mapema si mvivu, anaokoa siku yenu. Bridi za katikati, kwa mfano, hatuna sababu ya kuzihangaikia. Bridi iliyokazwa na kutumika huwa imevutika, na ni vema kufunga mpya kila resori inapofunguliwa. Zikigoma, hukatwa kwa msumeno wa chuma au mashine ya kukatia, basi.

Kwa buloni iliyoshikana ndani ya jicho, msumeno hupitishwa katika mwanya mwembamba kati ya jicho na kishikio cha chasi, upande mmoja halafu wa pili. Resori hutoka pamoja na kipande cha buloni ndani yake, na mpira huo mzee husukumwa nje kwa kubanwa, ukabadilishwa. Kwa mkono na msumeno mdogo, kukata buloni nene ya chuma kigumu ni kazi ya saa nyingi na nyembe kadhaa. Anayekata kwa mashine avae miwani. Cheche za chuma zikiingia jichoni, zahanati nyingi za huku hazina kifaa cha kuzitoa.

Ekuru peke yake inaweza kupasuliwa kwa tindo na nyundo. Na buloni iliyokatika ikaacha kisiki ndani ya tundu, fundi mwenye mashine ya kuchomelea huweka ekuru juu ya kisiki, huichomelea ndani, na kuizungusha ingali na joto. Hiyo hungoja mpaka gari lifike mjini.

Buloni mpya

Sehemu hii tunaomba isomwe na wale wanaokaa katika kamati za manunuzi. Buloni hazifanani hata zikiwa na unene mmoja. Kichwani huandikwa namba, kwa mfano 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inaonyesha ni nguvu ya niutoni ngapi chuma hicho hustahimili kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Kwa 8.8 ni 800, kwa 10.9 ni 1,000. Namba ya pili huonyesha kinaanza kuvutika kikifika sehemu gani ya nguvu hiyo: 8 ni asilimia 80, na 9 ni asilimia 90. Sokoni zipo buloni zisizo na namba yoyote, na zipo bridi zilizopindwa kutoka nondo za ujenzi. Bei yake ni ndogo. Nondo imetengenezwa kukaa ndani ya saruji, wala haikutengenezwa kushika ekseli ya gari lililobeba wagonjwa. Iliyotolewa ilikuwa na namba gani, inayoingia iwe na namba hiyo hiyo au aina ambayo kitabu cha gari kinataja.

Kabla ya kuingiza, mwili wa buloni hupakwa grisi kidogo, na tundu husafishwa. Bridi hukazwa kwa kuvukana, pembe kwa pembe, kidogo kidogo, ili resori ikae sawa. Lakini buloni za machoni hazikazwi mwisho gari likiwa juu. Zinaachwa zishike tu, gari linashushwa mpaka lisimame kwa magurudumu yake, ndipo zinakazwa kabisa. Zikikazwa resori ikiwa imening'inia, mpira utabaki umepindika kila siku gari likiwa chini, na utachanika baada ya muda mfupi.

Mzigo hurudishwa mbele ya wale wawili waliouhesabu. Jioni ya siku hiyo ya kwanza ya safari, popote gari litakapofika, dereva hupita tena na spana kwenye ekuru nane za bridi, maana mabamba mapya hukaa na kubanana, na ekuru hulegea kidogo. Hurudia tena baada ya siku chache za barabara. Mkimwona amelala chini ya gari zima akikaza kitu, gari halijaharibika tena. Mwacheni amalize, dakika kumi zinatosha.